Namba Saba Amekataa

Msusi alidhani ni unywele. Katika kazi yake nywele huruka kila mahali. Huingia kwenye chai, hunasa kwenye kandambili, huganda kwenye midomo ya anayecheka. Basi alipoona uzi mweusi unaelea mbele ya jicho lake la kushoto, aliweka kitana chini, akanawa uso, akarudi kazini. Uzi ulikuwa bado upo. Akageuza jicho kulia, uzi ukaenda kulia. Akageuza kushoto, ukamfuata kama mtoto anayemfuata mama yake mpaka mlango wa choo.

"Leo una nini?" mteja akalalamika, ameshika kioo cha mkono. "Mstari umepinda kama mkojo wa ng'ombe."

Haikuwahi kutokea mtu kumwambia hivyo. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mjane, na mistari yake ilijulikana mtaa mzima kwa kunyooka. Chumba chake cha kusukia kilikuwa cha mbele ya nyumba: viti viwili vya plastiki, kioo kilichopasuka pembeni, mafungu ya nywele za bandia yakining'inia kwenye misumari, na benchi la wanaosubiri, ambapo habari za mtaa zilifika kabla ya kuwafikia wenyewe. Sukari yake ilikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliizoea kama mtu anavyozoea mpangaji mkorofi, maadamu hapigi kelele.

Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa karani wa kliniki ya macho, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi, ambaye watu walimwita Kalamu kwa sababu hakukosa kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Nywele hizo Msusi ndiye aliyezisuka, kila baada ya wiki tatu, kwa miaka kumi na saba. Mume wa Msusi alipofariki, Kalamu alihamia kwake wiki mbili nzima, akalala naye kitanda kimoja, akamlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Mama mzazi wa Kalamu, bibi mwenye magoti mabovu na sukari vilevile, Msusi alimwita Mama na kumfuata nyumbani kwao kumsuka, kwa kuwa mzee huyo asingeweza kutembea mpaka kwake.

Na haki isemwe: Kalamu ndiye aliyemkimbiza kliniki.

"Huo si unywele, shoga," alisema aliposikia. "Wewe una sukari. Kesho asubuhi nikukute dirishani kwangu, usinifanye nije kukubeba mgongoni."

Kesho yake nesi wa macho alimtia matone, akamwacha kwenye benchi mpaka mboni zikapanuka na kila kitu kikawa na ukungu, kisha akamkalisha mbele ya kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kuzungusha maneno. Alimgeuzia skrini.

"Huu ndio ukuta wa ndani ya jicho lako. Unaitwa retina. Kila unachokiona, picha yake inatua hapa. Sasa tazama haya madoa mekundu. Ni damu. Sukari imeharibu mishipa, na mwili umeotesha mingine, lakini hii mipya ni dhaifu kama uzi uliooza. Siku ikikatika, damu itajaa ndani ya jicho."

"Dawa yake nini?"

"Mwanga. Mashine ya leza. Haitarudisha kilichopotea, ila itazuia kinachokuja. Na jicho la kulia nalo limeanza, ingawa si sana."

"Basi niwashie huo mwanga."

Nesi alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Mashine hiyo ilikuwa moja tu, alieleza, na ilikaa hospitali kuu, mwendo wa siku mbili. Daktari wake alikuja nayo hapo kila baada ya miezi minne, kwa siku moja. Siku hiyo aliweza kutibu watu kumi na wawili, wengi wao wa vijiji vya mbali, basi. Nesi alimtumia picha, naye daktari akapanga nani atangulie kwa kutazama hatari ya jicho, si sura ya mtu.

Wiki mbili baadaye Kalamu alikuja mbio na habari: orodha imerudi, na Msusi ni namba saba. Walishikana mikono, wakacheka kama wasichana.

Siku moja kabla ya daktari kufika, Kalamu alipita tena. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mkoba bado begani.

"Pole, shoga. Daktari haji. Gari lao limekufa njiani. Wameahirisha mpaka awamu ijayo."

"Miezi minne mingine?"

"Miezi minne si miaka minne. Si unaona bado?"

Msusi alikuwa anaona. Nyuzi zilikuwa zimeongezeka, lakini aliona. Akamwonea huruma mwenzake. "Pole na wewe," alimwambia. "Watu kumi na wawili wote watakupigia kelele wewe, kana kwamba wewe ndiye uliyeharibu gari."

Kalamu akatazama chini, akasema amechoka, akaenda zake. Wiki iliyofuata alikuja kusukwa kama kawaida. Alikaa kwenye kiti saa tatu nzima, kichwa chake mikononi mwa Msusi, akisimulia vichekesho vya wagonjwa wa kliniki.

Mwezi wa tatu wa kusubiri, saa nne asubuhi, Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Aliona kitu kama moshi kinapanda kutoka chini ya jicho la kushoto. Kikapanda, kikatanda.

"Nani amezima taa?" aliuliza.

Benchi lote likageuka kumtazama, maana hapakuwa na taa iliyowashwa. Jua lilikuwa limejaa mlangoni.

Kalamu alipopata habari alikuja mbio akilia. Alilia kuliko mwenye jicho, mpaka Msusi ndiye aliyekuwa akimbembeleza. Msusi alitaka kwenda kliniki saa ileile, lakini Kalamu akamshika mabega akamkalisha.

"Utakwenda kufanya nini? Foleni imefika barabarani. Kaa. Nitamuuliza nesi mimi mwenyewe."

Jioni alirudi na jibu. Nesi amesema alale ameinua kichwa, asibebe kitu kizito, damu itatulia yenyewe, na daktari yu karibu kuja. Msusi alifanya hivyo. Alipanga mito mitatu, akalala kama mtu aliyekaa. Kalamu alimletea uji kila siku, akamfulia nguo. Watu wa benchi walisema, tazameni, huyo ndiye ndugu, mwingine ni wa damu tu. Kuna neno la wahenga kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Msusi alimpenda Kalamu. Hata hakujiuliza kwa nini nesi hakutaka kulitazama jicho lenyewe.

Wiki ya pili alichoka kulala. Jicho la kulia lilikuwa zima, na mikono yake ilijua njia bila kuoneshwa. Akaenda kumsuka mama yake Kalamu, aliyekuwa amerudi juzi kutoka kwa ndugu zake, alikokaa miezi yote ile. Mzee alikaa kwenye kigoda, Msusi nyuma yake kwenye kitanda, mlango wazi, kuku wanaingia na kutoka kama wenye nyumba.

"Usiogope, mwanangu," mzee alisema. "Ule mwanga hauumi. Unakaa, unaweka kidevu pale, unaambiwa tazama mbele. Halafu ni pa, pa, pa, kijani, kama wapiga picha wa mkutano. Unatoka machozi kidogo, kwisha."

"Nani kakusimulia, Mama?"

"Kunisimulia? Mimi mwenyewe nimepigwa! Na bila ule mwanga sasa hivi ningekuwa naongozwa kama mbuzi. Siku ile nilidhani tuko pamoja. Nilikutafuta pale kwenye benchi. Nikamuuliza mwanangu, mwenzako yuko wapi, akaniambia wewe umepangiwa awamu ijayo."

"Siku gani hiyo, Mama?"

"Si ile siku ya mvua kubwa! Ukuta wa soko ulipoanguka."

Mtaa mzima uliijua siku ya ukuta wa soko. Hakuna aliyeweza kuikosea. Msusi aliikumbuka vizuri kuliko wote, kwa sababu asubuhi yake alikuwa ameketi nyumbani anatazama mvua, akiwaza kwamba hata kama gari la daktari lisingeharibika, lingekwama kwenye tope.

Vidole vyake vilisimama. Mzee akauliza kama nywele zimekwisha.

"Bado, Mama. Tulia."

Akamaliza mistari yote minne. Humwachi mama wa watu na nusu kichwa.

Asubuhi hakupitia dirisha la karani. Alizunguka nyuma ya kliniki, kwenye kamba za kuanikia mashuka, akaingia kwa mlango wa wafanyakazi na kugonga chumba cha kamera. Nesi alishangaa kumwona.

"Wewe! Nilidhani hutakanyaga tena hapa."

"Kwa nini?"

"Si ulikataa?"

"Nilikataa nini?"

Nesi alimtazama usoni, akaona ule mshangao wa mtu asiyejua anachoulizwa. Akafunga mlango. Akaitoa faili kabatini, akaifungua na kusoma kwa sauti, polepole: "Namba saba amekataa matibabu. Nafasi yake amepewa namba kumi na tatu."

"Soma tena."

Nesi akasoma tena.

"Huu mwandiko ni wa daktari," alisema, "lakini yeye huandika anachoambiwa na karani. Kalamu alikuja kutuambia kwamba umeogopa, umesema afadhali ufe na macho yako. Mimi nilikasirika hata. Nikasema watu wetu tunahangaika nao, wao wanakimbia. Na ndiyo maana jina lako halimo awamu ijayo. Anayekataa hurudi mwisho wa orodha, ili wanaotaka wapite."

"Wiki mbili zilizopita alikuuliza habari ya damu jichoni mwangu?"

"Damu gani?"

Hapo ndipo Msusi alipokaa chini. Kuibiwa nafasi kulimuuma. Lakini zile siku kumi na nne za mito mitatu, zile alizolala akishukuru kwamba ana mtu, hizo zilimchoma mahali ambapo hakujua kwamba pana uhai. Nesi alimpiga picha. Skrini ya jicho la kushoto ilikuwa nyekundu yote, hakuna ukuta, hakuna njia. Nesi alifungua mlango, akamwita Kalamu.

Kalamu aliingia na tabasamu la kazini. Akamwona aliyekaa, akaiona faili mezani, na tabasamu likabaki usoni peke yake, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Namba kumi na tatu ni nani?" Msusi aliuliza.

Kalamu alitazama mlango, akamtazama nesi. "Shoga, ngoja nikueleze."

"Sitaki kuelezwa. Nataka kutajiwa."

"Ni mama. Asubuhi ile aligonga uso kwenye mlango mara mbili. Mara mbili! Alikuwa wa kwanza kwenye awamu ijayo, na mimi nikajua hatafika huko akiwa anaona. Wewe ulikuwa unasuka. Ulikuwa unatunga sindano. Nikasema miezi minne ni nini kwako? Ni mama yangu. Wewe ungefanya nini?"

"Ningekuomba."

"Na ungenipa?"

Msusi alifungua mdomo kusema ndiyo, kisha akaona kwamba hana uhakika. Aliwaza magoti ya yule mzee na mistari minne myeupe. Akawaza pia sindano, kitana, nyumba ya kulipia kwa vidole vyake.

"Sijui," alisema. "Hukunipa nafasi ya kujua. Huenda ningekupa. Huenda tungelia wote halafu nikakupa. Sasa sitajua maisha yangu yote mimi ni mtu wa namna gani, na hilo nalo umechukua."

"Nisamehe, dada yangu."

"Haya, ulimpa mama. Kwa nini uliandikisha kwamba nimekataa?"

"Daktari angeuliza. Ilibidi niseme jambo. Sikujua kwamba ukikataa unarudishwa mwisho."

Nesi aliguna. Msusi akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi. "Orodha unaandika wewe, Kalamu. Usiniuzie mbuzi kwenye gunia."

Kalamu akaichomoa kalamu kwenye nywele, akairudisha.

"Na damu ilipojaa? Ungekuja kumwambia nesi, tungepiga simu. Ukaniletea uji."

"Angefungua faili," Kalamu alinong'ona.

Ndivyo ilivyokuwa. Angefungua faili. Msusi alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei.

Nesi alimpigia daktari mbele yao, akaeleza bila kupunguza. Daktari akaagiza Msusi awe namba moja awamu ijayo, wiki tano mbele. Kumfikisha hospitali kuu kabla ya hapo hakukuwezekana, kwa kuwa vitanda vilikuwa vimejaa. Nesi akamuuliza Msusi anataka nini kifanyike. Msusi alitaka mambo mawili. La kwanza, lile neno "amekataa" likatwe kwenye faili, na pembeni iandikwe kwamba hakukataa, hakuambiwa. La pili, tangu siku hiyo orodha ibandikwe ukutani nje, namba tupu bila majina, kila mtu aone mwenyewe namba yake imefika wapi. Kuhusu Kalamu hakusema lolote. Ila alipoulizwa kama yuko tayari kueleza mbele ya mkuu wa kliniki, alikwenda, akaeleza, hakuongeza chumvi.

Kalamu aliondolewa dirishani, akapelekwa chumba cha mashuka.

Benchi la Msusi liligawanyika. Wengine walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wengine wakasema mama ni mama, na kumtoa mtu kwenye kazi yake kwa ajili ya jicho moja, wakati la pili lipo, ni roho ya kutu. Mwanamke mmoja alimwambia hadharani, huku anasukwa: "Hata wewe ungekuwa na mama, ungefanya hivyohivyo."

"Labda," Msusi alimjibu. "Ila nisingekuja wiki ya pili yake kumpa kichwa changu anisuke."

Wateja watatu wakahama. Hakuwafuata.

Siku ya daktari mtu hatakiwi kwenda peke yake, kwa kuwa matone huziba macho mpaka jioni. Msusi alikuwa anatafuta jirani wa kumsindikiza alipomwona mama yake Kalamu amesimama mlangoni na fimbo, anahema. Alikuwa ametembea njia yote kwa magoti yale.

"Nimekuja kukushika mkono."

"Mwanao anajua, Mama?"

"Anajua nimekwenda sokoni." Mzee akafuta jasho. "Mwanangu, mimi sikujua. Ningejua ningekaa chini, nikakataa kuinuka. Jicho hili nikiangalia nalo, naona aibu."

"Usione aibu, Mama. Angalia nalo tu. Ndiyo kazi yake."

Wakaenda, wanapumzika kila baada ya nyumba tatu. Daktari alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu kwa safari. Alilipiga mwanga jicho la kulia, pa, pa, pa, kijani kama alivyosimuliwa. Akachunguza la kushoto kwa muda mrefu, na kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, kisha akazima taa ya mashine.

"La kulia tumeliwahi," alisema. "La kushoto, damu imeacha makovu, na makovu yameivuta retina ikabanduka. Hata nikikupeleka kwetu leo kwa upasuaji, nitakuwa nakudanganya. Kama ungekuja awamu ile..."

"Malizia, daktari."

"Ungekuwa nalo."

"Asante," alisema Msusi. Kwamba angekuwa nalo alishajua, lakini kulisikia neno hilo kwa mwenye kujua kulimpa kitu cha kushika.

Walitoka kwa njia ya nyuma, mzee ametangulia na fimbo, Msusi amemshika bega. Kila kitu kilikuwa ukungu mweupe. Mahali fulani mbele yao mashuka yalipigapiga kwa upepo, na sauti ya Kalamu ikasema kwa woga, "Mmeshatoka? Dada, limeendaje?" Hatua za mzee zikasita. Msusi alibonyeza bega lake taratibu, wakaendelea mpaka langoni.

Ugonjwa wa jicho la kulia ulisimama. Miezi ikapita, daktari akaja akalitazama, akasema bado. Msusi alisuka polepole zaidi, kichwa kimeinamishwa upande, na mistari ikarudi kunyooka. Wateja wawili kati ya watatu walirudi; hawakueleza, naye hakuwauliza. Kila wiki ya pili aliendelea kwenda kwa mzee, mchana, saa ambazo Kalamu yuko kazini.

Kila mara, kabla hajaondoka, mzee alimwambia: "Mwenzako anakusalimu sana."

Msusi alikusanya vitana, akafunga mkoba wake.

"Mwambie zimefika, Mama."

Mzee alingoja aone kama kuna salamu za kurudisha. Hazikuwapo.